Picha za kabla ya kengele: Jinsi kamera inavyouza pambano la masumbwi na kufichua yasiyosemwa

WAHENGA walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii inaafiki barabara mchezo wa masumbwi na michezo mingine ya mapigano. Mtazamaji huona dakika chache tu za makonde ulingoni, ilhali nyuma yake mna majuma, na pengine miezi, ya maandalizi, matangazo na majigambo.

Kabla ya kengele ya kwanza kulia, mabondia huwa tayari wamepigwa picha nyingi kuliko zile zitakazopigwa wakipigana. Wamepigwa wakiruka kamba, wakipima uzani, wakikodoleana macho na wakitupiana maneno makali mbele ya wanahabari.

Picha hizo ndizo huuza tiketi. Ndizo hupamba kurasa za magazeti siku ambayo bado hakuna matokeo ya kuchapishwa. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba mpiga picha wa shughuli hizi ni mtumishi wa mabwana wawili: promota anayetaka biashara yake inoge, na msomaji anayetaka kujua ukweli.

Makala haya yanaeleza shughuli hizo ni zipi, zilianza vipi kupigwa picha, mbinu zinazotumika, na kwa nini kazi hii inayoonekana kuwa ya mzaha inaweza kuwa suala la uhai na mauti.

Hatua za juma la pambano

Kwa kawaida, pambano kubwa hutangazwa kwanza katika kikao cha wanahabari. Wapinzani huketi meza moja, promota akiwa katikati, na mkanda wa ubingwa ukiwekwa mahali ambapo kila kamera itauona.

Baadaye hufuata mazoezi ya hadhara. Bondia hualika wanahabari, na wakati mwingine mashabiki, kumtazama akipiga mfuko wa mchanga na kupigana na kivuli chake. Mazoezi haya huwa mafupi. Siri za mkufunzi hubakia katika vipindi vinavyofanyika milango ikiwa imefungwa.

Siku chache kabla ya pambano huwa na kikao cha mwisho cha wanahabari. Kisha huja upimaji wa uzani, ambao katika ndondi za kulipwa kwa kawaida hufanywa siku moja kabla ya pambano. Zamani uzani ulipimwa asubuhi ya siku ya pambano lenyewe, lakini mtindo huo ulibadilika katika miaka ya 1980 ili kuwapa mabondia muda wa kurejesha maji na nguvu mwilini.

Baada ya mizani, wapinzani husimamishwa ana kwa ana huku pua zikikaribia kugusana. Hiyo ndiyo picha inayotafutwa kuliko zote. Hatua ya mwisho ni chumba cha kubadilishia mavazi, ambapo mikono hufungwa bendeji na glavu kukaguliwa mbele ya mwakilishi wa upande wa pili.

Upimaji wa uzani umegeuka kuwa tamasha. Mwaka 2015, kabla ya Floyd Mayweather kumenyana na Manny Pacquiao mnamo Mei 2 jijini Las Vegas, mashabiki walilipa dola 10 kila mmoja kutazama tu watu wawili wakipanda mizani. Pesa zilizopatikana zilikwenda kwa mashirika ya hisani.

Miaka miwili baadaye, Mayweather na Conor McGregor walizungushwa katika miji ya Los Angeles, Toronto, New York na London kwa siku nne mfululizo mnamo Julai 2017. Hawakupigana hata mara moja katika ziara hiyo. Kazi yao ilikuwa kusema na kupigwa picha, kwa kuwa pigano lenyewe lilikuwa la Agosti 26.

Katika mchezo wa mapigano mseto, shirika la UFC lilianza mwaka 2016 kuwapima wapiganaji mapema asubuhi faraghani, kisha kuandaa sherehe ya jioni mbele ya umati. Mizani ya jioni ni ya maonyesho tu. Mpiga picha asiyejua tofauti hiyo huenda akaandika kwamba amenasa upimaji rasmi, kumbe amenasa mchezo wa kuigiza.

Kijana wa jarida la Look

Si picha zote za nyuma ya pazia zilizokusudiwa kuwa matangazo. Mnamo Januari 1949, jarida la Look la Marekani lilichapisha mfululizo wa picha kuhusu bondia Walter Cartier wa New York. Aliyezipiga alikuwa kijana wa miaka 20 kwa jina Stanley Kubrick, ambaye baadaye alipata umaarufu duniani kwa kuongoza filamu.

Kubrick hakushughulika na makonde pekee. Alimfuata Cartier nyumbani na mazoezini, akamwonyesha akiwa na pacha wake Vincent, na akamnasa akisubiri katika chumba cha kubadilishia mavazi. Msomaji aliona upweke wa mtu anayejua kwamba baada ya saa chache atapigwa.

Mwaka 1951 Kubrick alirejelea mada hiyo katika filamu yake fupi ya kwanza, Day of the Fight, iliyomhusu Cartier huyo huyo. Mengi ya filamu hiyo hayako ulingoni. Yako katika saa za kungoja.

Tangu hapo, subira hiyo imekuwa mojawapo ya mada kuu za wapiga picha wa masumbwi. Kigumu ni kwamba bondia anaposubiri hafanyi lolote, na mpiga picha mwenye pupa huondoka mapema akidhani hapana picha.

Bondia aliyemhadaa mpiga picha

Hakuna mwanamasumbwi aliyeelewa nguvu za kamera kumshinda Cassius Clay, aliyejulikana baadaye kama Muhammad Ali.

Mwaka 1961, akiwa bado chipukizi katika ndondi za kulipwa, Clay alitembelewa na mpiga picha Flip Schulke mjini Miami. Alipofahamu kuwa mgeni wake alikuwa hodari wa kupiga picha chini ya maji, Clay alimweleza kwamba yeye hufanya mazoezi ndani ya bwawa la kuogelea, kwani maji humkaza misuli na kumwongezea kasi.

Schulke alimpiga picha akiwa amesimama chini ya maji, ngumi zimekunjwa na mapovu yakipanda. Jarida la Life lilizichapisha mwaka huo huo. Picha hizo zinahesabiwa hadi leo miongoni mwa bora zaidi za bondia huyo.

La kuchekesha ni kwamba hayakuwapo mazoezi ya aina hiyo. Clay hakujua hata kuogelea. Alikuwa ametunga kisa ili picha zake ziingie katika jarida lililosomwa na mamilioni, na mpiga picha aligundua baadaye kwamba alikuwa amechezewa shere.

Funzo hapa ni bayana. Picha ilikuwa halisi, maji yalikuwa halisi, na bondia alikuwa halisi. Kilichokuwa uongo ni maelezo. Ndiyo maana mhariri makini huuliza si tu picha inaonyesha nini, bali pia nani aliyepanga ionekane hivyo.

Miami, Februari 1964

Tukio jingine linalofaa kukumbukwa ni la Februari 18, 1964, katika ukumbi wa mazoezi wa 5th Street Gym, Miami Beach. Clay alikuwa akijiandaa kupigania taji la uzani wa juu dhidi ya Sonny Liston, na wajuzi wengi walimwona kama mwanakondoo anayepelekwa kuchinjwa.

Wakati huo kundi la wanamuziki wa Uingereza, The Beatles, lilikuwa katika ziara yake ya kwanza Marekani. Mpiga picha Mskochi Harry Benson, aliyekuwa ameandamana nalo, alitaka kuwapeleka vijana hao wanne kwa Liston. Bingwa huyo alikataa katakata. Benson akawapeleka kwa Clay.

Clay alichukua usukani papo hapo. Aliwapanga wanamuziki hao mstari mmoja na kujifanya anawaangusha wote kwa konde moja, kisha akawalaza sakafuni na kusimama juu yao akijipiga kifua. Wapiga picha hawakuwa na la kufanya ila kubofya.

Inasemekana wanamuziki hao walimkasirikia Benson baadaye, wakihisi kwamba walikuwa wamefanywa vikaragosi. Hasira yao ilikuwa na msingi, kwani ni Clay, wala si mpiga picha, aliyeongoza shughuli yote.

Asubuhi ya Februari 25, siku ya pambano, Clay alizua kizaazaa kwenye mizani. Alipiga mayowe na kumtishia Liston hadi akatozwa faini ya dola 2,500. Daktari alipompima mshipa, moyo wake ulikuwa ukipiga mara 120 kwa dakika, na baadhi ya waliokuwapo wakaamini kwamba kijana huyo amepagawa kwa hofu.

Muda mfupi baadaye mapigo yake yalikuwa yamerejea hali ya kawaida. Usiku huo Liston alisalia kwenye kigoda chake na kukataa kutoka kwa raundi ya saba. Picha za asubuhi zilizodhaniwa kuonyesha mtu mwenye hofu zilikuwa, kwa hakika, picha za mtu aliyekuwa akimchanganya mpinzani wake.

Kinshasa 1974: Majuma sita ya kungoja

Kwa msomaji wa Afrika, mfano mkubwa kupita yote ni ule wa Kinshasa. Rais Mobutu Sese Seko wa Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, alikubali kugharamia pambano la George Foreman na Muhammad Ali. Promota Don King alikuwa amemwahidi kila bondia dola milioni tano, kiasi ambacho hakikuwa kimewahi kusikika katika mchezo huo.

Lengo la Mobutu halikuwa masumbwi. Alitaka jina la nchi yake lisomwe katika kila gazeti duniani. Kwa hivyo, kila picha iliyopigwa Kinshasa majuma hayo ilikuwa pia tangazo la serikali yake, apende asipende aliyeshika kamera.

Pambano lilipangiwa Septemba 25, 1974. Mnamo Septemba 16, Foreman alichanika juu ya jicho la kulia akifanya mazoezi na mwenzake, na pambano likaahirishwa hadi Oktoba 30. Tamasha la muziki lililokuwa limeandaliwa sambamba na pambano hilo, likiwashirikisha James Brown, B.B. King, Miriam Makeba na wengineo, liliendelea mwezi huo wa Septemba bila ya pigano.

Ghafla wanahabari walijikuta na zaidi ya mwezi mzima wa kupiga picha za maandalizi pekee. Hapo ndipo tofauti ya mabondia hao wawili ilipodhihirika.

Ali, aliyekuwa amepiga kambi N'Sele kando ya mto, alijitolea kwa kamera kuanzia alfajiri. Alikimbia barabarani huku watoto wakimfuata, akazungumza na wafanyakazi, akachezea umati. Foreman naye alijitenga, akiuguza jeraha lake na kuzungumza kwa uchache.

Isitoshe, Foreman alifika Zaire na mbwa wake mkubwa wa jamii ya Alsatian. Kwake mbwa huyo alikuwa rafiki tu. Kwa wakazi wengi, alikumbusha mbwa waliotumiwa na polisi wa Wabelgiji enzi za ukoloni. Picha ya mtu na mbwa wake, ambayo Marekani ingekuwa ya kupendeza, Kinshasa ilisomeka kama dharau.

Kamera pia zilimnasa Foreman akipiga mfuko mzito kwa makonde yaliyouacha umebonyea. Wengi walioshuhudia waliondoka wakihofia usalama wa Ali. Picha hizo hazikudanganya: Foreman alikuwa na nguvu za ajabu na hakuwa ameshindwa katika mapambano 40. Lakini picha huonyesha nguvu tu, haziwezi kuonyesha zitadumu kwa muda gani. Ali aliegemea kamba, akamwacha mpinzani ajichoshe, kisha akamwangusha katika raundi ya nane.

Miongoni mwa waliopiga picha huko alikuwa Howard Bingham, Mmarekani mweusi aliyekutana na Ali mwaka 1962 na kuwa rafiki yake hadi kifo cha bondia huyo mnamo Juni 2016. Alikuwapo pia Abbas, mzaliwa wa Iran, aliyechapisha kitabu cha picha zake za Kinshasa miongo mitatu unusu baadaye.

Mtayarishaji filamu Leon Gast alikuwa amekwenda kupiga filamu ya tamasha la muziki. Kanda alizorejea nazo zilikaa miaka zaidi ya 20 kwa sababu ya ukosefu wa pesa na mizozo ya umiliki. Filamu yake, When We Were Kings, ilitoka mwaka 1996 na kushinda tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ya utamu wake imo katika siku hizo za kungoja.

Mbinu za kazi

Mpiga picha anayetumwa kushughulikia maandalizi ya pambano anahitaji kwanza kibali. Promota hutoa vitambulisho kwa wanahabari, na kitambulisho cha kikao hakimpi mtu ruhusa ya kuingia chumba cha kubadilishia mavazi. Ruhusa hiyo hutoka kwa bondia mwenyewe na kambi yake, na hupatikana kwa kuaminiana.

Kumbi za mazoezi aghalabu huwa na mwanga hafifu unaochanganya taa za aina tofauti na jua la dirishani. Wengi hupandisha kiwango cha ISO hadi 1600 au 3200 na kuweka kasi ya shata ya angalau 1/500 ya sekunde ili ngumi isigeuke ukungu. Anayetaka mwendo uonekane, kama vile kamba inayorukwa, hupunguza kasi hiyo makusudi.

Mwanga wa flashi huwaudhi wakufunzi, nao unaweza kumpumbaza bondia anayekwepa konde. Ni adabu kuomba ruhusa kabla ya kuutumia.

Katika upimaji wa uzani, nafasi ndiyo kila kitu. Mpiga picha hufika mapema na kusimama mkabala na mizani, lenzi fupi ikiwa tayari kwa picha pana na lenzi ndefu kwa nyuso. Wapinzani wanapokabiliana, promota au afisa husimama katikati yao. Aliye pembeni hupata mgongo wa mmoja na sikio la mwingine.

Makabiliano yenyewe huchukua sekunde chache. Picha nzuri mara nyingi haiji mwanzoni, wakati kila mmoja amekaza uso, bali mwishoni anapoanza kugeuka. Hapo ndipo tabasamu, kero au wasiwasi hupenya.

Ni busara pia kuzipa kisogo meza kuu na jukwaa kwa muda. Mama wa bondia aliyeketi safu ya nyuma, mkufunzi anayekata bendeji, kijana anayebeba ndoo ya mate na bondia wa mapigano ya utangulizi ambaye hakuna anayemhoji, wote hao ni sehemu ya habari.

Hatimaye kuna maelezo ya picha. Yaandike majina yote kwa ukamilifu, nani yuko kushoto na nani kulia, uzani uliotangazwa, mahali na tarehe. Aidha, yaseme wazi ikiwa tukio lilikuwa mazoezi halisi au maonyesho ya wanahabari. Sentensi moja ya ukweli ingewaokoa wasomaji wa mwaka 1961 na hadithi ya bwawa la kuogelea.

Mchezo unapogeuka ghasia

Makabiliano yaliyopangwa yanaweza kuponyoka mikononi mwa waandalizi. Mnamo Januari 22, 2002, jijini New York, Mike Tyson alimkaribia Lennox Lewis jukwaani katika kikao cha kutangaza pambano lao. Ilizuka vurumai iliyowahusisha walinzi na wapambe, na Lewis akasema baadaye kwamba aling'atwa mguuni.

Pambano hilo lilikosa kibali jijini Las Vegas na hatimaye likafanyika Memphis mnamo Juni 8, 2002, ambako Lewis alishinda katika raundi ya nane. Hata hivyo, hakuna tangazo ambalo lingeweza kulivutia macho zaidi ya picha za vurumai ile.

Hapa mpiga picha hukabiliwa na swali gumu. Je, anaripoti ghasia au anazichochea? Mabondia wanajua kamera ziko wapi. Wanajua kwamba anayesukuma ndiye atakayechapishwa, na anayesalimia kwa heshima atasahaulika.

Usalama wake mwenyewe pia umo hatarini. Yuko karibu na jukwaa, jicho moja limefumbwa na jingine limezibwa na kamera. Wenye tajriba huhakikisha wanajua njia ya kutokea kabla wapinzani hawajaletwa pamoja, na hawasimami kati ya kambi mbili.

Mwili ulionyauka

Kuna jambo zito zaidi ambalo picha za upimaji wa uzani huweza kufichua. Ili kufikia uzani unaotakiwa, wapiganaji wengi hujinyima maji na kujitoa jasho kwa siku kadhaa. Hujifunika mavazi mazito, huketi katika vyumba vya mvuke na hutema mate katika chupa ili wapunguze gramu chache zaidi.

Mtu aliyekaukiwa hivi hupanda mizani macho yakiwa yamezama, midomo imepasuka na mbavu zikihesabika. Umati hushangilia misuli iliyochomoza. Daktari huona figo na moyo vilivyo hatarini, na ubongo usiokuwa na kinga ya kutosha dhidi ya makonde.

Mnamo Desemba 2015, mpiganaji wa Uchina Yang Jian Bing, mwenye umri wa miaka 21, alifariki mjini Manila akiwa katika harakati za kupunguza uzani kwa pambano la shirika la ONE Championship. Baada ya kifo hicho, shirika hilo lilipiga marufuku mtindo wa kupunguza uzani kwa kujikausha maji.

Katika ndondi, baraza la WBC huwataka wanaowania taji kupimwa pia siku 30 na siku saba kabla ya pambano, ili asiwepo wa kuangusha kilo nyingi kwa siku chache za mwisho.

Kwa hivyo mpiga picha anayekwenda kwenye mizani asitafute misuli peke yake. Akiona mpiganaji anashikiliwa begani ili asianguke, hiyo ni habari, hata kama promota angependelea isichapishwe. Picha ya namna hiyo ikitoka jioni, bado kuna saa kadhaa za kumfanya mtu auulize swali linalostahili.

Ni kweli kwamba ipo mipaka. Mpiganaji anayevua mavazi yote ili apungue gramu za mwisho hufunikwa taulo, na kamera haina haja ya kuchungulia. Kadhalika, bondia anayeswali au kulia faraghani kabla ya kutoka ana haki ya kuachwa. Kualikwa chumbani si kualikwa kila mahali.

Kumbukumbu ya Wangila

Wakenya wana sababu yao wenyewe ya kuzitazama picha za kabla ya pambano kwa makini. Mwaka 1988, katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, Robert Wangila alimbwaga Laurent Boudouani wa Ufaransa katika fainali na kuipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya ndondi katika historia ya michezo hiyo.

Baadaye alijiunga na ndondi za kulipwa nchini Marekani. Mnamo Julai 1994, baada ya kupigana na David Gonzales jijini Las Vegas, alizimia na kukimbizwa hospitalini. Alifariki akiwa na umri wa miaka 26.

Bondia anapopanda mizani, hapana ajuaye kama picha ile itakuwa ya kwanza katika albamu ya ubingwa au ya mwisho katika albamu ya familia. Promota ataitumia kwa siku mbili, kisha ataibandua ukutani. Familia huenda ikaitunza miaka yote.

Hiyo ndiyo sababu kazi hii inataka uangalifu ambao hauonekani katika kelele za matangazo. Anayeinua kamera mbele ya watu wawili wanaokodoleana macho anapaswa kukumbuka kwamba kesho yake watu hao watapigana kwa kweli, hata kama leo wanaigiza.

Picha iliyopigwa vyema itauza tiketi. Iliyopigwa kwa uaminifu itauza tiketi pia, na baada ya taa za ukumbi kuzimwa, itabaki kuwa ushahidi wa jinsi mtu yule alivyokuwa kabla ya kengele kulia.